Askofu wa Mlimani na Ndugu zake wa Mbali

Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu mtu kuvuka bahari kwa sababu ya dini. Habib Saleh alitoka Ngazija akaja Lamu, na wanafunzi wa Riyadha wakaieneza elimu yake mbali. Kwa hiyo, siku moja nilipokuwa safarini kwenda Nyeri nikashuka Murang'a kuliona kanisa mashuhuri la mji ule, habari za marehemu Askofu Obadiah Kariuki hazikuniwia ngeni. Yeye ndiye Mkikuyu wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana.

Habari zake zaanzia mbali na mlima. Mwaka 1929, mjini Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Siku hizo Mzungu alikuwa bwana hata kanisani. Lakini hawa wawili waliketi sawa kwa sawa, wakasoma na kuombeana. Kutokana na mambo hayo ukakua Uamsho, na wafuasi wake wakaitana Ndugu.

Mwaka 1937 Ndugu hao walifika Kabete, karibu na Nairobi, na Kariuki akashikamana nao. Desturi yao ilikuwa nzito kwa mwenye cheo. Waliketi kikao, kila mmoja akaungama alipokosea, na mkulima asiyejua kusoma aliweza kumwonya padri mbele ya watu. Mwaka 1947 walikusanyika kwa wingi Kahuhia, upande wa Murang'a.

Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, na hapo undugu ukapimwa. Ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi walikataa pia kushika bunduki ya serikali. Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Baadhi yao waliuawa. Kwa Kariuki msiba uliingia mpaka nyumbani. Mkwewe, Chifu Koinange, aliwekwa kizuizini. Jomo Kenyatta naye alikuwa mwanyumba wake, kwani wote wawili walioa mabinti wa Koinange. Kariuki hakula kiapo, wala hakuwakana jamaa zake. Alikwenda kumwona Kenyatta kizuizini.

Mwaka 1955 aliwekwa wakfu Kampala pamoja na Festo Olang', wakawa maaskofu wasaidizi wa Mombasa. Naam, msomaji, Mombasa hii yetu! Dayosisi yenye kanisa kuu lile la kuba ilifika mpaka mlimani. Mwaka 1961 Kariuki akapewa dayosisi yake, Fort Hall, ndiyo Murang'a.

Kanisa nililoliona ni kumbukumbu ya waliouawa. Ndani yake, mwaka 1959, Elimo Njau, msanii kutoka Marangu, Tanganyika, alichora ukutani picha tano kubwa, akaweka humo vilima na watu wa Ukikuyu. Dini yetu haina desturi hiyo, lakini nilisimama kitambo nikitazama. Mchaga amewachorea Wakikuyu msiba wao.

Askofu Kariuki alifariki mwaka 1978, mwaka uleule wa kifo cha Mzee Kenyatta. Nilipoendelea na safari yangu ya Nyeri nilikuwa nikiwaza jambo moja. Askofu huyu, kwa cheo chake chote, alikuwa na watu wa kumwambia amekosa, na wa kwanza wao walitoka nchi za watu. Mwenye cheo asiye na wa kumwonya, awe padri awe sheikh, yu hatarini.