Anselme Payen, Mfaransa aliyefumbua siri ya kimea

Hapa Fizi na Baraka, mama anayetengeneza pombe ya muhogo anaijua kazi ya mahindi yaliyooteshwa. Aliyeeleza sababu yake ni Anselme Payen, aliyezaliwa kule Paris mwaka 1795, mtoto wa mwenye viwanda.

Mwaka 1833, yeye na mwenzake Jean-François Persoz walitoa ndani ya kimea cha shayiri kitu walichokiita diastasi. Hicho ndicho kinageuza wanga kuwa sukari, kisha chachu inageuza sukari kuwa pombe. Waliona pia kwamba moto wa kuchemka unakiharibu: uji ukitiwa kimea ungali unatokota, sukari haipatikani.

Payen alifariki mwaka 1871. Viwanda vya bia hadi leo vinategemea kimea.