Adrien Atiman, Babu wa Watoto wa Karema

Mwezi huu tunawasimulia, hasa ninyi mababu na mabibi mnaolea wajukuu, maisha ya mtu mmoja wa ziwa letu la Tanganyika.

Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Huko Algeria mapadri wa Lavigerie, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, walimkomboa kwa fedha. Baadaye wakampeleka kisiwa cha Malta akasomee utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa Tanzania, akiwa tabibu na katekista.

Siku zile watoto waliteseka sana katika mwambao huu. Sisi wenye asili ya Minago tunaijua Rumonge. Hapo, tarehe 4 Mei 1881, watu watatu wa misioni waliuawa katika ugomvi juu ya mtoto mmoja waliyekataa kumtoa. Karema nayo ilipokea watoto waliokombolewa, wasio na baba wala mama. Atiman alipowatibu, alitibu watoto waliopita njia ileile aliyoipita yeye.

Alioa, na mwanawe Joseph akawa padri mwaka 1923. Kwa hiyo Joseph hakumletea mzee wajukuu. Lakini Atiman alitumika Karema miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Katika muda huo, mtoto aliyetibiwa naye aliweza kukua, kuzaa, na kumletea mjukuu wake atibiwe na mikono ileile.

Wapendwa, jambo hili linatuhusu. Wazee wetu wengi walivuka ziwa mwaka 1972 na watoto mgongoni. Leo baadhi yao wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki au wamekwenda mbali kutafuta maisha. Tunawasikia wakisema wamechoka, hawana cha kutoa. Sisi tunaona wanacho. Bibi aliyekesha na mjukuu mwenye homa anajua saa ya kumkimbiza zahanati, na mama kijana wa jirani huenda hajui. Babu anayemfundisha mjukuu kuhesabu kwa punje za mahindi ni mwalimu tayari. Hata Timotheo, imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi.

Katika chekechea ya kanisa wapo watoto wasio na mzee yeyote nyumbani. Tunawaomba, mnapomleta mjukuu asubuhi, msirudi mara moja. Kaeni kidogo. Waimbieni nyimbo za kwetu, wasimulieni habari za ziwa, mwangalieni aliye mgonjwa na asiyekula. Atiman hakungoja wajukuu wa damu ndipo awahudumie wadogo.

Mungu awatie nguvu.