IMAMU UMAR BIN AL-KHATTAB AL-KHARUSI NA HUKUMU YA MALI ZA WAFALME

Ifahamike kwanza kwamba Imamu anayeelezwa hapa siye Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Khalifa wa pili wa Mtume (S.A.W.), ijapokuwa jina lake na la baba yake ni hayo hayo. Huyu ni Umar bin Al-Khattab bin Muhammad Al-Kharusi, Imamu wa Oman katika karne ya tisa ya Hijra. Bani Kharus, kabila lake, ndio waliomtoa kabla yake Imamu Al-Warith bin Kaab, aliyezama katika mafuriko ya wadi ya Nizwa mwaka 192 wa Hijra alipokwenda mwenyewe kuwaokoa wafungwa, kwa kuwaona kuwa ni amana iliyo shingoni mwake. Katika nyumba kama hiyo, cheo hakikuwa jambo la kujivunia kabla ya kuulizwa mwenye nacho amekitumiaje.

Oman ya zama zake ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Bani Nabhan, ambao makao yao makuu yalikuwa Bahla. Jina lao si geni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwani masultani wa Pate nao walijinasibisha na Wanabhani hao. Walitawala tangu katikati ya karne ya sita ya Hijra, wakitwaa ufalme kwa nguvu na kurithishana. Wanahistoria wetu wameandika machache juu ya wengi wao. Waliloliandika bila ya kusita ni kwamba walizichukua mali za raia pasipo haki, na kwamba wanyonge hawakuwa na pa kushitakia, kwa kuwa mshitakiwa ndiye aliyekuwa mtawala.

Mwaka 885 wa Hijra (1480) maulamaa walimpa bay'a Umar bin Al-Khattab. Aliikuta mikononi mwake kazi nzito kuliko vita. Mashamba na mitende, nyumba, silaha, vyombo na mazao ya Wanabhani vilikuwa vimeenea katika nchi. Kila mtu alijua kuwa mali hiyo imechanganyika na dhulma, lakini hakuna aliyeweza kusema ni mtende upi ulioporwa, na uliporwa kwa nani. Waliodhulumiwa wengine walikwisha kufa, wengine walikuwa mayatima, wengine wamehama miji yao. Kuiacha mali kwa warithi wa wafalme kulikuwa ni kuithibitisha dhulma. Imamu kuitwaa kwa amri yake tu, naye ndiye aliyeshika dola, kungefanana mno na yale yale yaliyowafanya Wanabhani walaumiwe.

Kwa hiyo jambo hilo lilipelekwa mbele ya kadhi. Kadhi huyo alikuwa Abu Abdillah Muhammad bin Sulaiman bin Ahmad bin Mufarrij, na siku ilikuwa Jumatano, mwezi 7 Jumada al-Akhira mwaka 887 wa Hijra (1482). Kadhi hakuwasikiliza wadai peke yao. Alimsimamisha Muhammad bin Umar bin Ahmad bin Mufarrij awe wakili wa Waislamu wa Oman wote waliodhulumiwa, waliopo na wasiokuwapo, wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake. Kisha akamsimamisha Ahmad bin Umar bin Ahmad bin Mufarrij awe wakili wa wafalme wa Bani Nabhan. Hapa yafaa kutua kidogo. Watu wale wale ambao nchi nzima ilikuwa ikiwalalamikia waliwekewa mtu wa kusimama badala yao, kwa sababu hukumu juu ya mtu asiyekuwa na mwakilishi haitimii, hata akiwa ni jabari.

Lililoamuliwa ni kwamba madai ya dhulma yaliyo juu ya wafalme hao yameigharikisha mali yao yote. Mafakihi huliita jambo hili taghriq: deni likizidi mali, mali yote huwa imezama ndani ya deni, na mrithi habakiwi na kitu cha kurithi. Wakili wa wafalme aliitoa mali kwa waliodhulumiwa, na wakili wa waliodhulumiwa akaipokea. Kila atakayesimamisha ushahidi wa haki yake apewe fungu lake kwa kadiri yake. Na fungu ambalo mwenyewe hajulikani lilihesabiwa kuwa la mafakiri, likawekwa chini ya Imamu alitumie katika kuisimamisha dola ya uadilifu na maslahi ya Waislamu.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote, na si vizuri kukipita kwa haraka. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo iliishia chini ya usimamizi wa Imamu, na mwenye shaka angeweza kusema kuwa dola mpya imejitajirisha kwa dola ya zamani. Lakini mali iliingia mikononi mwake kwa hukumu iliyoandikwa, yenye majina ya mawakili na tarehe yake, na mlango wa mdai mwenye ushahidi ukabaki wazi. Hakuwa mmiliki wake. Alikuwa mwangalizi, na mwangalizi huulizwa.

Wanabhani hawakuridhika. Sulaiman bin Sulaiman, mfalme wao aliyekuwa pia mshairi hodari, alimwinukia Imamu na kulishinda jeshi lake mahali paitwapo Himat, katika Wadi Samail. Watu walimrudia Imamu Umar, wakamfungia bay'a mara ya pili, naye akaendelea na kazi yake mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada yake, kadhi Muhammad bin Sulaiman mwenyewe alitawazwa kuwa Imamu, lakini hakudumu. Na mambo ya Oman yaliendelea kuvurugika miaka mingi.

Hukumu yenyewe haikusahauliwa. Ilinakiliwa katika vitabu vya tarehe vya Oman, na Sheikh Nuruddin As-Salimi, aliyefariki mwaka 1914, aliihifadhi katika Tuhfatul-Aayan. Mwaka 1868, Imamu Azzan bin Qais alipoingia Muscat na kupewa bay'a, mwanachuoni mkubwa aliyekuwa pamoja naye, Sheikh Said bin Khalfan Al-Khalili, alikabiliwa na suala lile lile juu ya mali za watawala waliotangulia. Naye alihukumu kwa njia hiyo hiyo, mali zikarejeshwa Baitulmali, na uimamu huo ukasimama mpaka Imamu Azzan alipouawa mwaka 1871.