Browning, fundi aliyeweka kizuizi mahali pa kiganja

Wengi wetu tumesikia jina Browning sababu ya bunduki za Wabeleji. Wachache wanajua kama ni jina la mtu, tena fundi aliyekufa akiwa kazini.

John Moses Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 kule Ogden, Utah, Marekani. Baba yake Jonathan alikuwa fundi wa bunduki, mwenye wake watatu na watoto 22. John alikulia ndani ya atelye, na angali mtoto akatengeneza bunduki yake ya kwanza kwa vyuma vya kutupwa. Mwaka 1883 kampuni Winchester ilinunua bunduki yake moja kwa dola 8.000. Walifanya kazi pamoja karibu miaka 20, kisha 1902 wakaachana juu ya malipo. Yeye alitaka sehemu yake kwa kila bunduki inayouzwa, wao walizoea kulipa mara moja na kumaliza. Sisi wa sendika tunamuelewa vizuri pale. Bunduki ile akaipeleka Ubeleji, kwenye fabriki ya FN, Herstal, karibu na Liège, ambayo ilikuwa imekwisha kutengeneza pistole zake.

Lakini tunataka kukaa juu ya pistole moja, ile ambayo jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1911. Katika mtihani ilipiga risasi 6.000 bila kukwama. Mbele ya hapo askari wa farasi walikuwa na neno lao: mkono moja uko kwenye kamba, mwingine kwenye pistole, nyundo iko nyuma, farasi akishtuka, itakuwa namna gani? Browning angeweza kuwajibu wajifunze kushika vizuri. Yeye alibadilisha chuma. Nyuma ya mpini akaweka kizuizi kinachokandamizwa na kiganja. Kama kiganja hakikikamati, detanti hairudi nyuma. Tena akaongeza kifungo cha kidole gumba, cha kufunga nyundo.

Kumbe bafundi waliokuja nyuma wanafungua kile alichofunga. Wengine wanakaza kizuizi cha mpini kwa waya. Wengine wanataka detanti nyepesi. Mujue, detanti haigusi nyundo yenyewe. Katikati kuna kichuma kidogo chenye jino, njo kinashika nyundo. Jino lile likisuguliwa kupita kipimo, linashika kidogo tu. Pistole ikianguka, nyundo inaponyoka. Wakati mwingine ukipiga moja, zinatoka mbili, tatu, bila kuulizwa.

Tulikuwa na mulinzi mmoja, rafiki yetu. Alipewa pistole ya kazi ambayo detanti yake ilikwisha kulegezwa zamani. Usiku ilianguka toka mezani nyumbani kwake, na risasi ikampata mtoto wake mguuni. Wakubwa wake walisema ni uzembe wake. Hakuna aliyeuliza ni nani alimukabizi kitu kile. Na sisi wenyewe, tuseme kweli, mara ngapi tumefunga kwa waya ule mulango wa chuma wa kando ya mukanda, ili tani zipite mbele ya poste kuisha?

Browning alikufa tarehe 26 Novemba 1926, kule Herstal, ndani ya atelye ya mwana wake Val. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 71, na uvumbuzi ulioandikwa kwa jina lake ulikuwa 128.

Pistole aliyoiacha njiani ilimalizwa na Mubeleji Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935. Njo ile GP, ya risasi 13. Ndani yake kuna kizuizi kingine, kilichotakiwa na jeshi la Ufaransa: ukitoa sharjeri, detanti haifanyi kazi. Kilikuwa kwa ajili ya mtu anayetoa sharjeri, anafikiri pistole iko tupu, na risasi moja ingali ndani. Lakini kichuma kile kinasugua, kinafanya detanti iwe nzito, basi wapigaji wengi wanakitoa na kukitupa. Kwa inje hakuna alama. Kwa hiyo ndugu mulinzi, ukikabiziwa GP leo, elekeza mudomo mahali pasipo mtu, toa sharjeri, vuta chuma cha juu nyuma, na tazama ndani kwa macho yako mwenyewe, hata kama aliyekupa amekwisha kuapa kama iko tupu.