Mchoraji wa Nyuki Watatu

Pietro Berrettini alizaliwa mwaka 1596 katika mji mdogo wa Cortona, nchi ya Toscana, akapata kujulikana ulimwenguni kwa jina la mji wake: Pietro da Cortona. Alitoka katika ukoo wa waashi. Angali kijana alikwenda Roma kujifunza uchoraji, na bidii yake ikamfungulia milango ya wakuu.

Mwaka 1623 Maffeo Barberini alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu, akajiita Urbano VIII. Jamaa zake walipanda pamoja naye: wengine wakawa makardinali, na Taddeo, mwana wa ndugu yake, akafanywa Liwali wa Roma. Wakajenga jumba kubwa, na kati ya mwaka 1632 na 1639 Pietro akaipamba dari ya ukumbi wake. Kazi hiyo ni ngumu, maana rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, sehemu kwa sehemu. Hapo alichora Maongozi ya Mungu kwa mfano wa mwanamke akaaye mawinguni, tena nyuki watatu wakubwa, alama ya ukoo wa Barberini, ndani ya shada la majani lililoshikwa na Imani, Matumaini na Mapendo. Kila mgeni alielewa: Mungu mwenyewe ameuteua ukoo huu.

Papa Urbano alifariki mwaka 1644. Mrithi wake, Inosenti X wa ukoo wa Pamphilj, alidai hesabu ya mali, nao wale jamaa wakakimbilia Ufaransa. Taddeo alifia Paris mwaka 1647. Naye Pietro, baada ya kuwachorea akina Medici dari za jumba lao huko Firenze, alirudi Roma akalipamba jumba la hao Pamphilj.

Lakini alikuwa na kazi nyingine moyoni. Mwaka 1634, alipokuwa mkuu wa chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka, chini ya kanisa kuukuu la chama hicho ilipatikana mifupa iliyotambuliwa kuwa ya Mtakatifu Martina, mfiadini. Pietro alibuni kanisa jipya mahali pale, akalisimamia miaka mingi, akaliachia mali nyingi. Alifariki mwaka 1669, akazikwa humo.

Jumba la Barberini ni mali ya serikali ya Italia tangu mwaka 1949, na yeyote alipaye kiingilio aweza kuwatazama wale nyuki. Enyi wazazi, kulipenda jina la ukoo si kosa. Kosa ni kulitukuza kana kwamba Mungu ni mtumishi wake.