Bwana Stanley na Mwaka Wake wa Mwisho

Katika habari za mwanzo wa kanisa letu, jina la Henry Morton Stanley halikosi kutajwa, ingawa hakuwa mmisionari, wala hakukaa kwetu ila kupita tu. Wengi wanajua safari zake. Sisi twapenda kueleza zaidi habari za ugonjwa wake, ambazo hazisimuliwi sana.

Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Dk. Livingstone, alifika Mpwapwa na msafara wake, akavuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, akaingia Ugogo, akatoa hongo za nguo kwa watemi. Alikuwa na miaka 30, mwenye nguvu, tena mkali. Wapagazi aliwapiga mjeledi, na jambo hilo hatulisifu. Mwenzake mmoja, William Farquhar, alivimba miguu asiweze kwenda. Stanley akamwona kuwa mzigo, akamwacha Mpwapwa mikononi mwa mkuu wa kijiji, naye hakukawia kufa. Aliporudi mwaka 1872 hakulipata kaburi. Akawaamuru watu wake wakusanye mawe, wakafanya rundo la kumkumbuka.

Safari ya pili ilimfikisha kwa Kabaka Mutesa. Toka huko aliandika barua ya kuomba waalimu wa dini, nayo ikatangazwa katika gazeti la London mwezi wa Novemba 1875. Kwa sababu ya barua hiyo Chama cha CMS kiliwatuma watu wa kwanza mwaka 1876, na katika njia yao ya kwenda Uganda kikawekwa kituo cha Mpwapwa. Ndiyo maana twamtaja katika yubile hii.

Mwaka 1889 alipita tena, akitoka kumchukua Emin Pasha. Mwaka uliofuata alioa, akakaa Uingereza, mwili wake umekwisha kuchakaa kwa homa nyingi na maumivu ya tumbo. Akanunua shamba huko Pirbright. Bwawa lake likaitwa Stanley Pool, kijito kikaitwa Congo, na konde moja Unyamwezi. Basi mzee aliweza kwenda toka Congo hata Unyamwezi kabla chai haijapoa.

Usiku wa tarehe 17 Aprili 1903 akashikwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza, na usemi ukamtoka. Alikuwa na miaka 62. Madaktari hutufundisha ya kuwa katika ugonjwa huu mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Na mara nyingi chanzo chake ni shinikizo la damu, ambalo mtu aweza kuwa nalo miaka mingi asijione mgonjwa. Hata leo wako katika mitaa yetu wasemao kwamba mgonjwa amerogwa, wakapoteza saa zile ambazo angefikishwa hospitali. Zamani za Stanley dawa za kushusha shinikizo hazikuwako. Palikuwa na kitanda, na subira, na mke wa kumwuguza.

Miezi ikapita. Usemi ukarudi kidogo kidogo, ingawa alichoka upesi. Akaketishwa kitini, akatolewa nje kuona miti. Baadaye akaweza kwenda hatua chache akishikwa. Mtu huyu alivuka Afrika toka pwani hata pwani kwa siku 999! Mkewe aliandika kwamba aliyapokea yote kwa utulivu, hata kuinuliwa na kuvikwa. Nasi twajua si jambo dogo: wazee wetu wengi huogopa kulishwa na kuoshwa kuliko wanavyoogopa kufa. Lakini sisi wa Ugogo hatuwezi kusoma habari hizi tusimfikiri Farquhar. Yeye hakuruhusiwa kuwa dhaifu hata kwa majuma machache. Aliyemwacha alipewa mwaka mzima wa kuwa dhaifu, na mikono ya kumshika.

Tarehe 17 Aprili 1904, siku ile ile ya mwaka, alipatwa na ugonjwa wa mapafu. Akapelekwa London, akafa asubuhi ya tarehe 10 Mei. Alitamani kuzikwa Westminster karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa; ibada ikafanyika humo, kisha akazikwa Pirbright. Juu ya kaburi lilisimamishwa jiwe kubwa lisilochongwa umbo, limeandikwa jina lake, na lile aliloitwa Congo, Bula Matari, maana yake mvunja mawe, na miaka yake, na chini neno moja, Afrika.