Bwana Armstrong na Nyumba Yake ya Cragside

Wengi wetu hapa shuleni tumekwisha kusoma habari za akina Watt na Stephenson, lakini Bwana William Armstrong hatajwi sana. Basi napenda kuwapa wasomaji habari zake, hasa za nyumba yake iitwayo Cragside, karibu na mji mdogo wa Rothbury, kaskazini ya Uingereza.

Alizaliwa Newcastle mwaka 1810. Baba yake alimtaka awe mwanasheria, naye akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi, ijapokuwa moyo wake ulikuwa katika mitambo. Mwaka 1835, alipokuwa akivua samaki, aliona gurudumu la maji likiendesha kazi ya machimbo ya mawe, akatambua kwamba nguvu nyingi ya maji yale inapotea bure. Fikira hiyo haikumtoka. Mwaka 1846 winchi yake ya kwanza ya nguvu za maji ilikuwa ikipakua mizigo gatini Newcastle, na mwaka 1847 akaiacha sheria, akafungua kiwanda Elswick.

Cragside aliianza mwaka 1863, nyumba ndogo tu ya kupumzikia. Tangu 1869 mchoraji ramani Norman Shaw akaikuza hata ikawa jumba kubwa juu ya jabali. Mahali pale palikuwa mawe matupu. Yeye na mkewe Margaret walipanda miti zaidi ya milioni 7. Akazuia vijito, akapata maziwa, na maji yake yakawa kama watumishi: yaliendesha lifti, yaligeuza nyama motoni jikoni. Mwaka 1878 yalizungusha mashine ya umeme, ikawaka taa katika chumba cha picha, na mwaka 1880 zikatiwa taa za rafiki yake Joseph Swan. Zinazonichekesha ni zile za maktaba: zilisimama juu ya vyombo vilivyokaa katika zebaki, na aliyetaka kuzima taa alikiinua chombo chake. Mwalimu wetu wa fizikia asingekubali hata tuisogelee.

Lakini fedha zilitoka wapi? Nyingi zilitoka katika silaha. Baada ya kusikia habari za vita vya Crimea alibuni mzinga mpya, akaipa serikali haki zake, na mwaka 1859 akafanywa Sir. Baadaye kampuni yake iliwauzia mizinga na manowari mataifa mengi. Wachina na Wajapani walipopigana mlangoni mwa mto Yalu mwaka 1894, kila upande ulikuwa na manowari zilizoundwa na kampuni hiyo. Bwenini tumebishana sana juu ya jambo hili. Wenzangu husema mfua panga halaumiwi kwa damu. Mimi sikubali: auzaye pande zote mbili anajua hakika ya kuwa panga litatumika.

Wafanya kazi wa Newcastle nao walimjua kwa upande mwingine. Mwaka 1871 waligoma miezi mitano wakitaka kazi ya saa 9 kwa siku. Aliwapinga kwa nguvu, wakashinda. Hata hivyo mwaka 1883 aliupa mji ule bustani ya Jesmond Dene.

Alifariki Cragside tarehe 27 Desemba 1900, hana mtoto. Mwaka 1977 nyumba ilikabidhiwa shirika la kuhifadhi majumba ya kale, na mwaka 2014 pakawekwa parafujo kubwa inayozungushwa na maji ya ziwa, ili taa ziwake tena kwa maji yale yale.